Mtu Haulizi Njia ya Kwao

Ndugu zangu, na mama zangu mlio nyuma ya pazia, assalaamu alaikum.

Juzi nilikuwa hapo mlangoni navua viatu, nikawasikia wawili wenu wakipanga kwenda harusini Jumapili. Zamani mtu angeelekeza: ukifika kwenye mashine ya kusaga pinda, ukiona nyumba ya bati jekundu uliza. Hao hawakuelekezana. Mmoja kasema, "Nitumie lokesheni," basi, yamekwisha. Mimi simu yangu ni kitochi na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea habari za hizo simu kubwa mnisamehe. Lakini neno lile limenizalia mfano, na nimekaa nao wiki nzima.

Palikuwa na mtu na mama yake. Mama aliishi kijijini, ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Mtoto aliishi mjini, na ndiye peke yake aliyezaliwa na mama yule. Simu alipiga. Idi alituma kitambaa na sukari. Lakini yeye mwenyewe kukanyaga ua wa mama yake, ilikuwa imepita miaka sita. Hakuwa mtu mbaya, nataka mnielewe hapo. Kila mwaka alisema mwakani.

Asubuhi moja binamu yake akampigia.

"Kaka, mama ametangulia. Tunamswalia Alasiri, tunazika. Jitahidi uwahi, wewe ndiye wa kushuka kaburini."

Mnaijua desturi yetu. Mwanamke akiwa na mtoto wa kiume, mtoto ndiye anayeshuka, ndiye anayempokea, anamlaza kwa ubavu katika mwanandani, anamfungua kamba za sanda. Alikubeba, nawe unambeba mara hiyo moja. Simu uliyokosa kupiga leo utapiga kesho. Hii ukiikosa, umeikosa mpaka Kiyama.

Binamu akaongeza, "Ila barabara ya zamani imeliwa na mvua. Nimtume mtu akungojee kwenye lami?"

"Nipokewe? Kwetu? Kwani mimi mgeni? Nitumie lokesheni tu."

Binamu akamtumia.

Kwa nini alikataa kupokewa? Tuulizane kweli. Mtu haulizi njia ya kwao. Ukiuliza njia ya kwenu umeshajieleza wote: umesema umeondoka lini, umesema hukurudi. Yule mwanamke anayesema ndani ya simu ana sifa moja nzuri sana. Hachoki. Ukikosea hagombi, anakutafutia njia nyingine. Na hakuulizi, "Ulikuwa wapi miaka sita?" Anajua ulipo, hajui wewe ni nani. Mtu mwenye haya moyoni atakosaje kumpenda?

Basi akaendesha. Akaacha lami, akaingia kwenye mkonge, mistari na mistari, kila kona sawa na mwenzake. Pinda kulia. Akapinda. Pinda kushoto. Akapinda. Kwenye kioo cha simu kwao ni kidoto chekundu, na kidoto kinasogea. Saa kumi kasoro kidogo simu ikamwambia zimebaki dakika nne. Akashusha pumzi, akasema alhamdulillah.

Mbele yake barabara ikaisha.

Haikuisha taratibu. Ilikatwa kama mkate. Korongo limefunguka, udongo mwekundu pande zote, na ng'ambo ya pili barabara ileile inaendelea kama hakuna kilichotokea. Na simu inasema, "Endelea mbele." Endelea wapi?

Wakati huohuo, kutoka ng'ambo, akasikia adhana ya Alasiri. Msikiti wa kwao. Aliujua kwa kile kipaza sauti chake kibovu, kilikuwa kinakoroma hivyohivyo tangu yeye mdogo. Alikuwa karibu kiasi hicho, ndugu zangu. Sauti mbili zinamwita nyumbani, na yeye amesimama ukingoni na funguo za gari mkononi.

Akatokea mama mmoja kwenye mkonge, kanga kiunoni, sufuria kubwa kichwani imefunikwa kwa sinia.

"Hujambo, baba? Umepotea?"

"Aa, sijapotea. Naangalia angalia tu."

Mama akalitazama gari, akatazama viatu. "Unakwenda kwa nani?"

Hapo, ndugu zangu, neno lilimfika kwenye ulimi. Kwa mama yangu. Maneno matatu. Lakini akaiona ile sufuria, akajua mama huyu anakwenda msibani. Akaona vile mama huyo atakavyojipiga kofi mdomoni: kumbe ndiye wewe! Leo ndiyo umekuja, amekufa ndiyo umekuja!

Akasema, "Napita tu."

"Ahaa. Wewe ni wa kampuni ya mkonge."

"Eee... ndiyo. Gari inavuka wapi hapa?"

"Gari? Loo, gari zunguka daraja la juu. Rudi ulikotoka, lizunguke shamba lote. Mbali kidogo, lakini nyinyi watu wa kampuni mna mafuta, mnashindwa na nini?" Akacheka, akaishika sufuria yake vizuri, akapotelea nyuma ya mkorosho.

Naye akageuza gari.

Alizunguka shamba lote. Trekta likamzuia, akalisubiri. Alipoingia kijijini, saa kumi na moja zilikuwa zimepita, akakutana na wanaume wanarudi, majembe mabegani, suruali zimekunjwa mpaka magotini, miguu ina udongo. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Akasimamisha gari mbele ya ua wa mama yake. Na yule mwanamke wa simu, kwa sauti yake ileile, akasema, "Umefika."

Binamu akamshika bega. "Tulikungoja, kaka. Tuliswali tukakaa pale makaburini, tukapiga simu yako, haikushika. Tukaona tusimweke zaidi."

"Nani alishuka?"

"Nilishuka mimi."

"Na nani?"

"Jirani mmoja. Na fundi baiskeli."

Mama yake amepokewa na fundi baiskeli. Mwenyezi Mungu amlipe kheri fundi baiskeli.

Basi pale uani yule mama wa sufuria akainua kichwa kutoka jikoni, upawa mkononi. "Eh! Bwana wa kampuni! Nawe umekuja kutuhani? Ahsante sana."

Binamu akashangaa. "Kampuni gani? Huyu ndiye mtoto wa Bi Mishi."

Upawa ulishuka. Mama akamtazama, akamtazama tena. Hakumpigia kelele, wala hakujipiga kofi mdomoni. Alisema taratibu, na nadhani kelele zingekuwa nafuu.

"Baba, kinjia kilikuwa palepale uliposimamisha gari. Nyuma ya mkorosho. Dakika kumi kwa miguu, nami nimekipita na sufuria kichwani. Uliniambia u mtu wa kampuni, nikakuonyesha njia ya mtu wa kampuni. Mtoto wa Bi Mishi ningemshika mkono."

Mfano umeishia hapo.

Msitoke hapa mkasema imamu kakataza simu. Simu haikusema uongo, ilisema ilichokijua, na mvua haikuiambia. Na yule mama naye hakukosea. Kila mmoja alimjibu kwa kadiri ya alivyoulizwa. Kosa liko kwa nani? Kwa mtu aliyesimama ukingoni, adhana ya kwao iko masikioni, akaulizwa "Umepotea?" akasema sijapotea.

Sasa tuje kwetu. Sisi humu tunaswali sala tano, rakaa kumi na saba kwa siku. Na katika kila rakaa moja tunamwomba Mola atuongoze njia iliyonyooka. Mara kumi na saba tunauliza njia! Hakuna watu duniani wanaouliza njia kuliko sisi. Je, anayeuliza njia ni nani? Si yule asiyeijua? Lakini tukitoa salamu tu, mwenzako ubavuni akikuuliza, "Ndugu yangu, nyumbani kwema?" unasema kwema, napita tu. Na nyumbani humsemeshi mkeo, huu mwezi wa pili. Kuna mtu mzima humu ana ndevu zenye mvi, hajui vizuri anachokisoma katika sala, na kila siku anapita mlango wa madrasa haraka haraka kama mtu wa kampuni. Simtaji. Labda hata wako wanne.

Na nilipokuwa nautunga mfano huu nilikuwa namsema mwingine. Nina jirani, mama yake yuko mbali, nikasema leo nitamfikishia. Nilipofika pale ukingoni, kwenye "napita tu", kalamu ikanigeukia mimi.

Kuna mama mmoja wa mtaa huu yuko katika eda ya kufiwa na mumewe. Alituma mtu kuniuliza: ana miadi ya kutazamwa macho hospitalini, je, anaruhusiwa kutoka? Mimi sikujua. Walahi sikujua. Lakini nikaona haya, imamu mzima niseme sijui? Nikajibu kwa sauti nzito, "Asitoke." Jioni moyo haukutulia, nikamwendea sheikh anayenizidi elimu. Akanitazama akasema, "Kwa matibabu anatoka. Wewe umemzuia kwa ujuzi gani?"

Hiyo ni siku kumi na moja zilizopita. Siku kumi na moja naipita nyumba yake kwa njia ya nyuma. Kwa sababu imamu haulizi njia ya msikitini, na akipotea hasemi. Miadi imepita. Macho yake yakoje leo, sijui.

Basi tutaswali sasa. Nikitoa salamu sitakaa kupeana mikono, na atakayeniona natoka haraka asinishike kanzu. Nakwenda kupiga hodi kwa mama yule, nimwambie mbele ya wanawe kwamba nilikuwa nimepotea na nikampoteza na yeye, na kwamba kesho asubuhi aende hospitali. Nitapita njia ya mbele.

Nanyi kila mmoja anajua ukingo wake. Simameni, tunyooshe safu, tukamwulize njia. Safari hii tuulize kama watoto wa nyumbani.