Kwato za Choroa

"Jangwa humpa aliyeinama." Ndivyo Babu Wario alivyomjibu Darmi, aliyekalia sanduku lake la nguo tangu asubuhi akiapa kupanda lori la kwanza kurudi mjini. Alikuwa na miaka saba, na siku mbili zilimtosha kusema kwamba jangwa la Chalbi halina kitu. Sora, mdogo wake, akauliza maneno hayo yametoka wapi.

Babu, dereva mstaafu, akajikohoza. "Methali hii ilianza hivi, na kila neno ni kweli tupu. Mkinikuta na uongo, hata wa punje, nitawabeba mgongoni mpaka kisimani."

Zamani, akasema, palikuwa na mfugaji wa ngamia, Galgalo, mrefu hata ndege walimwomba njia. Macho yake yalikuwa mbali siku zote. Chini aliona vumbi tu. Siku moja wako malishoni, yeye na bintiye Kabale, kiriba cha maji kikapasuka. Galgalo akaona ziwa linameta mbele. Wakalikimbilia, likasogea. Wakalikimbilia tena, likasogea tena. Kumbe mazigazi. Midomo ya mtoto ikaanza kuchanika.

Mara ya tatu Kabale hakukimbia. Alichuchumaa katika mto mkavu, akitazama nyayo za choroa, yule swala mwenye pembe kama mikuki.

"Baba, wamechimba hapa. Mchanga una ubaridi."

"Mchanga ni mchanga, mwanangu. Twende, ziwa lile pale."

"Inama uuguse kwanza."

Galgalo akainama, mgongo ukalia kama mlango mkongwe. Akachimba hadi kiwiko kikazama, maji yakaja taratibu. Akamnywesha mtoto kwanza. Akiwa bado magotini akaona mjusi akipiga mbizi mchangani, na mbegu zilizolala miaka zikingoja mvua. Akaona haya.

"Na choroa huyo," Babu akanogesha, "kila mguu una kwato tatu."

Darmi akateremka sandukuni. Asubuhi Babu alimwita aone nyayo za choroa nyuma ya boma, naye hakwenda. Sasa alikwenda huko, Babu na Sora wakimfuata, akainama. Dundu alipita akiviringisha donge la samadi kubwa kumshinda. Darmi akampisha, kisha akahesabu mara mbili.

"Mbili, Babu. Kila mguu mbili."

Babu akakuna kichwa, akadai choroa wa zamani hawakuwa kama hawa. Barabarani lori likapiga honi. Darmi hakugeuka.

"Inama, Babu."

Mzee akainama, mgongo ukalia kama mlango mkongwe. Darmi akapanda, akamvuta Sora, akamwambia kama mtu aliyezaliwa hapo hapo, "Si unaona? Jangwa humpa aliyeinama."