Mke Aliyechukuliwa kwa Utani

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yenu yako wapi?

Yako kwako!

Hapo zamani palikuwa na mazimwi mawili, majike yote, yanaogopwa kama miungu. Moja lilikaa mlimani, la pili bwawani. Watu wa Juu walilipelekea Zimwi la Mlima pombe ya kwanza ya mavuno. Watu wa Chini walilipelekea Zimwi la Bwawa. Kila moja likanywa, likashiba, likanuna. Linune kwa nini? Kwa sababu na mwenzake kapelekewa!

Siku moja yakakutana njiani.

"Mimi mzuri kuliko wewe," likasema la mlimani.

"Wewe? Na pua hiyo?"

"Pua yangu ina nini?"

"Ina nafasi. Popo wanaweza kulala humo."

Yakabishana, yakabishana, yakabishana, mpaka yakamwona Kaseko, kijana wa Watu wa Chini, yuko juu ya mti anarina asali.

"Wewe! Shuka utuamue. Nani mzuri?"

Kaseko akashuka.

"Nichague mimi nikupe ng'ombe mia," likasema la mlimani.

"Nichague mimi nikupe Nyamizi wa Watu wa Juu, mwanamke mzuri kuliko wote," likasema la bwawani.

"Nyamizi ana mume. Na juzi tu kajifungua."

"Nimekuuliza kama ana mume? Nakuuliza kama unamtaka."

Basi Kaseko alimtaka, tena tangu zamani. Akalinyooshea kidole Zimwi la Bwawa, nalo likampaka dawa mkononi, atakachoshika kisibanduke.

Sasa sikilizeni. Watu wa Juu na Watu wa Chini walikuwa watani. Mtani akikukamatia kuku, unacheka. Mtani akikutukana msibani, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Kaseko akaja mchana kweupe. Nyamizi alikuwa anatwanga, kitoto chake Kabula kimelala ndani kwa mama mkwe. Kaseko akamshika mkono.

"Mtani Malunde! Mke huyu namchukua!"

Malunde, mumewe Nyamizi, akaangua kicheko. "Mchukue! Ila anakoroma, usije ukanirudishia!"

Watu wakacheka. Nyamizi naye akacheka, akafuata, maana ndio mchezo, ukifika kwenye uzio unaachwa unarudi kutwanga. Wakafika kwenye uzio, mkono hauachi. Wakafika njia panda, mkono hauachi. Wakavuka kijito, mkono hauachi.

"Mtani, basi, utani umetosha, mtoto ataamka."

Kaseko akazidi kumvuta. Nyamizi akapiga kelele, akaita mume, akaita mama, na kule nyumbani anawasikia kabisa, wanazidi kucheka, wanasema jamani huyu Nyamizi anajua kuigiza!

Kabula alipoamka na kulia, ndipo kicheko kikaisha.

Zimwi la Mlima, na uchungu wake wa kushindwa, likamnong'oneza Malunde: "Umechekwa. Shika mkuki." Zimwi la Bwawa likawanolea mikuki Watu wa Chini. Vita hivyo! Wanaume wakichoka, mazimwi yanawapulizia hasira mpya. Mtu akianguka, yanashangilia, huku moja, kule moja, kama watazamaji wa ngoma.

Nyamizi alifungiwa nyumbani kwa Holo, dada yake Kaseko. Hakuwaza vita, hakuwaza mazimwi. Aliwaza kimoja tu: Kabula ananyonya nini? Siku ya kwanza maziwa yakamjaa, akayakamua chini, akalia. Siku ya pili yakamjaa, akayakamua chini, akalia. Siku ya tatu yakamjaa, na hapohapo akasikia kitoto cha Holo kinalia, kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia.

"Mbona humnyonyeshi?"

"Yamekauka, dada," Holo akasema. "Woga umeyakausha. Mume wangu yuko huko anapigana na wa kwenu."

Nyamizi angeweza kunyamaza. Akanyoosha mikono.

"Nipe."

Mtoto akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Holo akakaa chini akashika miguu ya Nyamizi, asante, asante, asante, hajui kuacha.

Asubuhi Holo akafungua mlango. Wakaenda wote wawili, na mtoto, mpaka katikati ya mikuki.

"Kaka Kaseko! Mwanangu amenyonya kwa huyu. Kwa desturi yetu, aliyemnyonyesha mwanangu ni nani yake?"

"Ni mama yake," Kaseko akajibu.

"Na mama wa mwanangu ni nani yako?"

Kaseko akasema, "Ni... dada yangu."

"Haya, oa dada yako, tukupigie vigelegele! Na wewe shemeji Malunde, choma mkuki, muue mjomba wa huyu mwanao mpya!"

Kaseko akainama kwa aibu, dawa ya bwawani ikamchuruzika mkononi kama maji. Malunde akaangusha mkuki. Wote wakaangusha.

"Piganeni!" yakalia mazimwi. "Piganeni! Piganeni!"

Nani apigane? Basi yakarukiana yenyewe, yakakamatana nywele, yakabingirika mpaka bwawani, maji yakayafunika.

Nyamizi hakungoja kuona. Alikimbia, khanga inaanguka anaiacha, mpaka mlangoni kwake. Hapo akasimama. Hasikii kilio. Ndani kimya.

"Mama," akamwita mama mkwe. "Yupo?"

"Ingia umwone mwenyewe."

Kabula yupo! Amelala, mashavu yamejaa, tumbo kama ngoma.

"Amenyonya kwa nani, mama?"

"Niulize hakunyonya kwa nani. Kwa Minza, kwa Ngolo, kwa mke wa mhunzi, hata kwa yule mliyetukanana kisimani. Nimezunguka naye mlango kwa mlango."

Nyamizi akapiga magoti, machozi yanamwagika. "Nimshukuru nani kwanza?"

"Washukuru wote sawa. Mtoto mwenyewe hakuuliza nani mzuri."

Hadithi yangu naitua hapa, aliye karibu aipokee. Anayetaka asifiwe peke yake huleta vita, na anayetamani wa mwenzake humfungulia huyo mlango. Na aliyekushikia mwanao siku ya shida, usichoke kumwambia asante.