Roboti la Eleseta na Chumba cha Mbele

Hapo zamani, na msitegemee wafalme, maana zamani yangu ni ile ya juzijuzi, kila mwenye tai alipokuwa mwalimu wa forex, biashara ya fedha za kigeni, aliishi Makambako mjane mmoja aitwaye Eleseta Mligo.

Eleseta alikuwa na nyumba, na hakuwa na nyumba. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikaa kikao wakasema nyumba ni ya ukoo. Akitaka kubaki, alete milioni nane. Wakamtajia Jumatatu ya mwisho, saa mbili asubuhi. Asipoleta, nyumba inakabidhiwa mnunuzi mwingine.

Eleseta akauza mipaina yake yote, miti ya mbao, akapata milioni sita. Zikabaki mbili. Hapo ndipo alipotokea Danford Nyagawa, aliyejiita Daktari wa Chati, udaktari ambao hakuna chuo kilichowahi kuusikia. Danford akamuuzia roboti. Si la chuma, msiwaze mikono na miguu. Ni programu ya kompyuta, inanunua na kuuza fedha za kigeni yenyewe, mwenyewe ukiwa unamenya viazi.

Kompyuta ikawekwa dukani kwa Tumsifu, binti mwenye duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Roboti likapewa zile sita, likafanya kazi wiki tatu. Milioni sita zikawa saba. Saba zikakaribia nane. Eleseta akaanza kulala usingizi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya ile Jumatatu, saa nane mchana, akaja dukani kuomba pesa zake zitoke. Akakuta kioo chote chekundu.

"Mwanangu, huu wekundu ni wa nini?"

"Ni hasara, mama. Oda tatu za jana, biashara roboti lilizoanza, bado ziko wazi."

"Nikizifunga?"

"Unabaki na milioni saba na laki mbili."

Eleseta akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, pazia jeupe nyuma yake, kama mtu anayeandaliwa pasipoti ya kwenda asikokujua. Akampigia Danford. Hakupokea. Akampigia tena. Hakupokea. Mara ya tatu ukaja ujumbe: "Kamwene mama, nipo Njombe kwenye semina. Soko linapumua. Tulia."

"Linapumua," Tumsifu akasema. "Sisi je?"

Akamwita Ezra Sanga, fundi wa simu na kompyuta aliyekaa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Ezra hakusalimia sana. Akafungua daftari la matukio, pale programu inapoandika kila ilichofanya na kila ilichokataliwa, akasoma mstari kwa mstari.

"Jana umeme ulikatika?"

"Saa kumi. Ukarudi saa kumi na mbili."

"Basi. Kompyuta imewaka, programu imewaka, ila roboti halikuruhusiwa tena kufanya kazi. Ona hiki kiuso kwenye kona ya chati, picha hii ya bei. Kimenuna. Oda za mama zimelala nje bila mlinzi."

Eleseta akasimama. "Sikilizeni. Nyumba yangu ina chumba cha mbele, mlango wake unatazama barabara ya Songea. Atakayeniokolea nyumba, chumba ni chake miaka mitano, bila kodi. Mmoja tu. Mlango ni mmoja." Maneno hayohayo akayarekodi, akamtumia na Danford.

Ezra, ambaye mwavuli wake ulikuwa na matundu manne, akabonyeza kitufe. Kiuso kikatabasamu. Roboti likaamka, likafanya kazi.

"Fundi, limefunga?"

"Limefungua. Oda mbili mpya, zote za kuuza."

"Tulitaka lifunge."

"Hata mimi nilitaka hivyo, Tumsifu."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi. Ezra akafuta jasho. Tumsifu alikuwa anatazama orodha ya kazi za wiki tatu.

"Mama, hizi saa za hatari, za roboti kulala, aliziandika nani humu?" akauliza.

"Mimi. Siku ile ya kwanza Daktari aliniambia Ijumaa kama hii Wamarekani wanatangaza habari za ajira zao saa tisa na nusu alasiri, na bei zikisikia zinaruka kama zimechomwa. Roboti lisiwe macho kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Nikaandika tisa. Nikaandika kumi na moja."

Mteja wa kopi mlangoni akakunja karatasi zake akaondoka.

"Mama yangu," Ezra akasema taratibu, "kompyuta haianzi kuhesabu jua likichomoza. Tisa yake ni saa tatu asubuhi. Saa tisa yetu ya alasiri inaandikwa kumi na tano. Roboti lako limekuwa likilala kila asubuhi wakati hakuna hatari. Habari zikitoka, litakuwa macho, na oda tano mkononi."

"Rekebisha."

"Nikirekebisha halitafungua mpya. Hizi tano zitabaki wazi. Tuache saa hizo, tuzifunge kwa mkono."

Saa tisa na dakika kumi na tano: milioni saba na nusu. Zile oda mbili mpya, za makosa, zilikuwa zinaleta faida. Saa tisa na dakika ishirini: saba na laki nane. Eleseta alimshika Ezra bega. "Bado," akasema. "Bado." Saa tisa na dakika ishirini na nne: milioni nane na elfu themanini.

"Funga."

Ezra akabonyeza. Programu ikajibu kuwa njia ina shughuli. Akabonyeza tena. Njia ina shughuli. Roboti lenyewe lilikuwa limeng'ang'ania njia, linatuma maagizo yake bila kuvuta pumzi, na agizo la binadamu halikuwa na pa kupita.

"Litoe kwenye chati," Tumsifu akasema.

Ezra akanyoosha mkono, na umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Saa tisa na dakika ishirini na sita. Ndipo simu ya Eleseta ikaita, Danford huyo, ametoka nje ya semina.

"Mama, nimesikia sauti yako ya chumba. Mmefunga?"

"Umeme umekatika, mwanangu."

"Ngoja." Ikasikika pumzi yake, na gari likipita. "Nimefunga zote. Milioni nane na elfu themanini. Na ombi la kutoa nimelituma."

"Umefungaje, na uko Njombe?"

"Kwa simu yangu. Oda haziko dukani, ziko kwa dalali wa mtandaoni."

"Nywila yangu umeitoa wapi?"

Danford akakohoa. "Nilibaki nayo, tangu siku ile ya kwanza."

Saa tisa na nusu habari zikatoka. Ezra akaitazama bei kwenye simu yake ikipaa, akamgeukia Eleseta. "Zingekuwa wazi, mama, ungebaki na nauli."

Jumatatu alfajiri pesa ziliingia. Saa mbili shemeji wakahesabu, wakatia saini, wakaondoka bila kunywa chai. Saa tatu, watu watatu walikuwa barazani mbele ya mlango mmoja.

Ezra akasema: "Bila mimi, roboti lingenuna hadi leo. Na oda mbili nilizoamsha ndizo zilizovusha saba na laki mbili hadi nane. Toeni oda zangu, hesabuni, muone kama kuna nyumba."

"Ulitaka zifunguke?" Tumsifu akamuuliza.

"Sikutaka. Lakini zilifunguka kwa mkono wangu."

Tumsifu akasema: "Bila mimi, mngeketi mnashangilia kiuso kinachotabasamu mpaka habari ziwafumanie. Mimi ndiye niliyeona saa."

"Uliiona lini?" Danford akauliza.

Tumsifu akainama. "Wiki ya kwanza. Nilikuwa naliona limelala kila asubuhi. Nikasema labda ndivyo wataalamu walivyopanga. Hakuna aliyeniuliza."

Danford akanyoosha tai. "Bila mimi, kioo cheusi. Aliyefunga ni nani? Mimi."

"Kwa nywila uliyoificha," Ezra akasema.

"Kwa nywila iliyookoa."

"Na uliniuzia roboti," Eleseta akasema, "hukuniambia linahesabu saa za nani. Nikakupigia mara tatu. Uliposikia chumba, ndipo soko likaacha kupumua."

"Kweli, mama. Ila nilipiga."

Eleseta akawatazama mmoja mmoja. Namba tisa aliiandika kwa kidole chake mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na ukali wa kumfukuza mtu. Lakini neno alikuwa amelitoa, mbele ya watu, na limerekodiwa. Ufunguo uko mkononi, magari ya Songea yanapita, na watatu hawa hakuna anayesogea.

Basi nanyi mnaojifanya mmekuja kunisikiliza tu, semeni. Yuko aliyekosea, kosa likajenga. Yuko aliyeona, akanyamaza, kisha akasema dakika ilipobaki ndogo. Yuko aliyeokoa kwa kitu ambacho hakikuwa chake. Je, ni nani kati yao anastahili kufunguliwa mlango ule?