Kamera ya Bwana Mbarouk

Bwana Mbarouk, mwenye duka na nyumba ya kale kule Mji Mkongwe, alimwambia mpangaji wake Mwatima kwamba kamera itafungwa mlangoni kwake, apende asipende, ama ahame na kichanga chake. Alitaka kujua nani anaingia humo, maana kila alasiri yeye alibisha hodi na halua mkononi, na kila alasiri hakufunguliwa.

"Sawa bwana, sawa, ifunge tu," Mwatima alisema mbiombio, mtoto kamkumbatia. "Ila waya ukienda dukani kwako utatoboa ukuta, na watu wa mambo ya kale watakushitaki. Upitishe kwenye tundu lile la taa, televisheni ya kuitazamia ikae huko juu."

"Juu kwa mke wangu? Yule hata rimoti hajui kuishika!"

"Basi si ndiyo salama, bwana?"

Fundi akafunga, akaenda zake.

Kesho yake alasiri Bwana Mbarouk alibisha na halua yake. Mara hii Mwatima alifungua mlango wote, akasimama kando. Kabla bwana hajatia mguu ndani, simu yake ikalia.

"Inua uso kidogo, Baba Khelef," alisema mkewe. "Mwatima kanifundisha rimoti."