Mtungi wa Thelathini na Moja

Hapo zamani, mwaka ambao sikuwa nimezaliwa lakini habari zake ninazo kuliko waliokuwapo, aliishi mfinyanzi jina lake Milembe. Mikono yake, acheni tu. Shida ilikuwa kichwa. Kichwa cha Milembe kilikuwa na milango saba, na hakuna hata mmoja wenye komeo. Ataanza chungu, kikifika mabegani anakumbuka kuni. Akienda kuni anaona uyoga. Akichuma uyoga anawaza chungu kingine, kizuri zaidi, anarudi mbio kukianza. Kile cha kwanza kimeshakauka, mdomo haushiki tena. Uani kwake vilijaa vyungu visivyo na midomo, kama watu waliokatizwa wakiongea.

Watu wakamwita mvivu. Mvivu gani anatoka jasho tangu alfajiri mpaka jua linazama?

Mwaka huo wachemsha chumvi wakaagiza vyungu thelathini, wavikute vimechomwa mwezi ukiandama. Mtemi akaweka neno: "Milembe akikosa, shimo la udongo la mama yake nampa mwingine." Na udongo wa namna ile usingeupata hata utembee siku tatu. Bila shimo lile, mikono ya Milembe ingebaki ya kukunia kichwa.

Zikabaki siku ishirini. Vyungu vilivyokamilika: viwili.

Milembe akawaita watu wake, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Peke yangu siwezi. Nishikeni."

Mama mkwe wake, Kalekwa, akabeba udongo wote akaufungia nyumbani kwake. "Mkamwana, ukimaliza chungu njoo uchukue donge jingine. Moja tu." Milembe akachukua donge, akalifinyanga nusu, akasikia ndege wa asali, akamfuata. Akarudi na asali. Donge limekuwa jiwe.

Kaka yake, Mihayo, akachora ukutani mistari ishirini na minane ya mkaa. "Dada, kila chungu, futa mmoja. Uone kilichobaki, maana wewe kila siku unasema muda upo." Asubuhi yake Milembe akaokota mkaa uleule, akachora twiga. Twiga mzuri, siwezi kukataa.

Ndipo akaja jirani, Nyanzala, na ungo wa karanga. Akakaa mbele ya Milembe, akaanza kubambua.

"Umekuja kunisaidia nini?"

"Mimi? Hata kukanda udongo sijui. Kwangu kuna moshi."

"Sasa?"

"Fanya yako, shoga, nami nafanya yangu."

Ndege wa asali akaita. Milembe akainua kichwa, akamwona Nyanzala anabambua, akarudisha kichwa. Chungu kikapata mdomo. Akafuta mstari, akafuata donge kwa mama mkwe, akarudi. Nyanzala bado yupo. Viwili siku ile, vitatu kesho yake.

Lakini sikilizeni vizuri, msije mkasema nimewaficha. Siku Nyanzala alipokwenda msibani, hakikufinyangwa kitu. Siku mama mkwe alipougua na mlango wake kubaki wazi, Milembe alibeba madonge matano, akaanza vyungu vitano mbele ya Nyanzala huyohuyo, asimalize hata kimoja. Na mvua ilipoosha ukuta, alijiona keshamaliza kazi, akaketi kusuka nywele mpaka Mihayo alipochora upya.

Wachemsha chumvi wakafika. Vyungu thelathini vimechomwa, ukigonga vinalia. Mtemi akavigonga mwenyewe, kimoja kimoja, akasema, "Shimo ni lako."

Milembe akakaa palepale chini, akacheka mpaka akatoa machozi. Mabega yakamshuka, mara ya kwanza tangu aolewe. "Kumbe sikuwa mvivu," akasema.

Kwa furaha akafinyanga mtungi mmoja mkubwa, ambao hata mimi niliyeona mingi sijauona mfano wake. Akauweka uani. "Huu ni wa aliyeniokoa."

Kalekwa akaushika shingo. "Ni wangu. Nisingekunyima udongo, ungeanza vyungu mia."

"Mama, ni wangu," akasema Mihayo, naye akaushika. "Asingeona kilichobaki, angekuwa anasuka nywele mpaka leo."

Nyanzala akatema ganda la karanga, akaushika pia. "Nyie mlitoa mkatoka. Nani alibaki? Mgongo wangu mpaka sasa haunyooki."

"Ulikuwa unakula karanga," akasema Mihayo.

"Nilikuwa nakula karanga hapohapo."

Milembe akawasikiliza, kisha naye akaweka mkono wake shingoni mwa mtungi. "Subirini. Nani alitamka kwamba hawezi? Mlikuwapo miaka yote, hakuna aliyekuja mpaka nilipoita. Na nani alikaa chini kila asubuhi huku miguu inataka kukimbia? Mnajua kukaa kunavyoniuma mimi?"

Hakuna aliyeondoa mkono.

Mtungi ni mmoja, na haugawanyiki ila uvunjwe. Jibu ninalo, tena zuri, ila siwapi bure. Semeni nyinyi: mama mkwe aliyefungia udongo, kaka aliyechora mistari, jirani aliyekaa tu, au Milembe mwenyewe aliyeita. Je, nani alistahili mtungi?