Kizibo cha Shee Madi

Shee Madi, mwenye mashamba ya minazi, alimchukua punda wa jirani yake Bi Mwanate akadai ni wake, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Bi Mwanate naye hakubisha. Alikwenda kwa hakimu na mkeka uliochanika.

“Punda wa Bwana Shee amenitafunia mkeka. Naomba anilipe.”

“Wallahi yule punda si wangu,” Shee akaapa. “Ni wake mwenyewe.”

Hakimu akafuta madai. Bi Mwanate akashukuru, akaenda kumfungua punda uani kwa Shee. Shee akarudi mbio mahakamani.

“Sheria ina neno la kale, estopeli,” hakimu akamwambia. “Asili yake Kifaransa, maana yake kizibo. Ulichokikana kwa kiapo huwezi kukidai tena. Mdomo umeshazibwa.”

Nyumbani, Bi Mwanate alimpa punda majani, akakirudisha jikoni kisu alichochania mkeka.