Akuhimizaye Kuruka

Akuhimizaye kuruka haanguki nawe.

Hayo ndiyo maneno mama wa duka aliyomwambia mwenzenu Righa leo asubuhi, wenzake walipokuwa wakimchochea apande mnara wa simu ili wampige picha. Nanyi mmekuja kwangu mkishika mbavu kwa kicheko, mkiuliza kuruka gani na kuanguka gani. Kicheko nawasamehe, maana wengine wenu mlikuwa hamjazaliwa. Methali hii hatukuachiwa na mababu. Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa hasira. Kaeni niwaambie ilivyoanza.

Hapa kwetu, chini ya milima ya Taita, palikuwa na mwanamke aitwaye Wakesho. Alikuwa na bucha karibu na stendi, na Jumapili sauti yake ndiyo iliyoongoza kwaya yetu. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, Mghanga, mwalimu wa shule ya msingi. Wawili hao walikulia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, kando ya kile kiwanja cha ndege cha nyasi. Wakiwa watoto waliwaona askari waliokuwa mazoezini wakishuka hapo kutoka angani kwa miavuli. Hawakusahau. Utu uzimani, wengine tulipokuwa tukitamani ng'ombe wa maziwa au nyumba ya mawe, hao wawili walitamani kuruka kutoka kwenye ndege.

Walipoamua kwamba sasa ni kweli, Wakesho alifunga bucha akaenda pwani kuulizia. Huko kulikuwa na shule ya mchezo huo, na mwalimu mmoja aliyeitwa Bi Saumu. Bi Saumu alimpokea vizuri, lakini hakumsifia mchezo wake. Alimuuliza habari za magoti na presha. Akampandisha kwenye mizani bila haya. Akamweleza kwamba anayeruka mara ya kwanza hufungwa pamoja na mwalimu, mgongo wake ukiwa kifuani pa mwalimu, washuke kama mtu mmoja. Kwamba mwavuli una mwenzake wa akiba. Na kwamba upepo ukizidi, hata kama umetoka mbali namna gani, utarudishwa nyumbani.

Wakesho alirudi amefurahi. Mghanga akaguna.

"Yaani nibebwe kama mtoto? Dada, nitawaambia nini wanafunzi wangu?"

"Utawaambia ulirudi mzima."

Walikuwa bado wanavutana hivyo alipokuja Deri.

Jina lake halisi alilijua mamaye. Yeye alijiita Kapteni Deri, ingawa ndege aliyokuja nayo ilirushwa na mtu mwingine. Alikuja na spika kubwa, fulana za kugawa na viatu vyeupe ambavyo sijui alivikinga vipi na vumbi letu jekundu. Alizunguka sokoni akitangaza kwamba siku ya michezo ya tarafa watu wataruka pale pale kwenye kiwanja cha mkonge, kila mtu na mwavuli wake, peke yake. "Hapa hatubebani!" alisema. "Wanaume wa Taita wako wapi?"

Mghanga alikuwa wa kwanza kujitokeza.

Siku ilipofika tulijaa pale, watoto wa shule mbele. Somo la Deri lilikuwa hivi: unapanda juu ya makreti ya soda, unaruka chini, unapigiwa makofi. Basi. Msaidizi wake mmoja angekaa mlangoni mwa ndege, na kamba iliyofungwa ndani ya ndege ingeufungua mwavuli mtu akishatoka. Wakati huo upepo ulikuwa umeanza kuvuma, ule wa mchana unaotoka mbugani, na kofia za watu zilikuwa zikikimbia uwanjani kama kuku.

Wakesho alikuja na aproni yake ya bucha, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya Deri.

"Kapteni, mnaruka na upepo huu?"

"Mama, upepo ni rafiki wa mwavuli."

"Na mwavuli ukikataa, wa akiba uko wapi?"

Deri hakumjibu yeye. Aliinua kipaza sauti akatujibu sisi. "Jamani, mama wa bucha anaogopa! Amezoea kuangusha ng'ombe, yeye hataki kuanguka!"

Watu walicheka. Walicheka sana. Wakesho akangoja kicheko kiishe.

"Wewe mwenyewe utaruka?"

"Mimi ndiye msimamizi. Lazima niwe chini."

Basi Wakesho akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amekwisha kufungwa mikanda, akamshika mkono. "Mghanga, vua vitu hivi. Twende pwani, mimi na wewe, kesho ukitaka."

Mghanga alimtazama dada yake, kisha akawatazama wanafunzi wake waliokuwa wakiimba jina lake. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Nawaambia, wakati ule alitaka kuvua.

"Dada, wote wananitazama," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, ndege haingojei!" Deri akapiga kelele. "Au na wewe tukuletee aproni?"

Mghanga akautoa mkono wake kwa dada yake, akapanda.

Mwavuli ulifunguka, nisiseme uongo. Ulifunguka ukawa mzuri, mwekundu, na sisi tukashangilia. Lakini hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuongoza. Upepo ulimchukua kama karatasi, ukampitisha juu ya vichwa vyetu, ukavuka naye barabara, ukamtupa katikati ya mkonge. Mnaijua miiba ya mkonge. Tulipomfikia, mguu wake ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti, na mwiba ulikuwa umeingia katika jicho lake la kushoto.

Sasa sikilizeni jambo linalonikera mpaka leo. Tulipokuwa tukimtoa kwenye miiba, yeye akiita jina la marehemu mama yake, tulimsikia Deri kutoka uwanjani akisema katika spika, "Msiwe na wasiwasi, ni sehemu ya mchezo!" Kisha akaongeza muziki. Hakuwa ameleta daktari. Hakuwa ameleta machela wala hata kitambaa cha kufungia kidonda. Mwalimu Mghanga alipelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya bucha, amelazwa mahali panapolazwa nyama, dada yake amemshikilia kichwa.

Mguu uliunga, ingawa ulibaki mfupi. Jicho halikuona tena.

Chifu aliitisha baraza ukumbini. Deri alikuja, nami nilishangaa kumwona, maana nilidhani amekimbia. Kumbe alikuja kuomba aruhusiwe kurudi na ndege yake wakati wa Krismasi. Alivaa vile viatu vyake vyeupe. Alisema pole, akasema kila mchezo una hatari zake, akasema mwalimu ni mtu mzima na alichagua mwenyewe. Na wako waliotikisa vichwa kukubali! Hapo Wakesho akasimama.

"Alichagua," alisema. "Na mimi nilipouliza, ili achague akijua, ulinifanyia nini?"

Deri akamgeukia chifu.

"Ulinicheka. Ukawafanya majirani zangu wanicheke. Aliyeuliza ulimwita mwoga, asiyeuliza ukamwita shujaa, na shujaa alipoanguka ukaongeza muziki."

"Wakesho, punguza ukali," chifu akaingilia. "Huyu ni mgeni wetu."

"Chifu, mgeni wetu ana macho mangapi?"

"Mawili," mtu mmoja wa nyuma akajibu bila kufikiri.

"Na ndugu yangu?"

Mghanga mwenyewe alikuwa ameketi pale na magongo yake, bendeji usoni. Aliinamisha kichwa, na dada yake akaenda akamwinua kidevu.

"Usiiname wewe," alimwambia. "Ainame yeye." Kisha akatugeukia sisi sote, na sauti ile ya kwaya ikalijaza baraza. "Kule uwanjani, nani alimwambia aruke? Na kule kwenye mkonge, nani alianguka naye? Mtazameni viatu. Hata vumbi hana! Watu wetu, shikeni neno hili muwape na watoto: akuhimizaye kuruka haanguki nawe."

Deri alitoka kupitia mlango wa pembeni.

Naona mnangoja niwaambie kwamba alifungwa. Hakufungwa. Baada ya muda tulisikia anatangaza mchezo ule ule katika mji mwingine, spika ile ile. Hapo ndipo hasira yetu ilipofanya kazi. Kila mwenye binamu au shemeji kule alimpigia simu, na sote tulituma maneno yale yale ya Wakesho. Siku Deri alipoinua kipaza sauti na kuuliza wanaume wako wapi, mwanamke mmoja mbele alimuuliza, "Wewe utaruka?" Wa pili akauliza hivyo hivyo. Kisha umati mzima ukalisema lile neno kwa pamoja, mpaka akafunga spika zake. Ndivyo neno la mtu mmoja lilivyogeuka methali.

Na Wakesho? Aliruka. Mghanga ndiye aliyemshikilia aruke. Walikwenda pwani wote wawili, na mara ya kwanza Bi Saumu alitazama anga akasema upepo haufai, warudi nyumbani. Wakesho alisema hajawahi kufurahi kukataliwa kama siku ile.

Walirudi tena. Akafundishwa asubuhi nzima namna ya kukunja miguu na namna ya kutua, akaonyeshwa mwavuli na ule wa akiba, akafungwa kifuani pa Bi Saumu. Mghanga alibaki chini na fimbo yake, jicho lake moja likitazama juu. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, Wakesho alitazama chini, akarudisha miguu ndani.

"Ukitaka kurudi, sema sasa," Bi Saumu alimwambia sikioni. "Tutashuka na ndege, na hakuna atakayekucheka."

"Na nikisema twende?"

"Tutaanguka wote wawili, mama."

Wakesho alitusimulia haya kwenye mazoezi ya kwaya, akicheka huku machozi yakimtoka, na hatukuimba wimbo hata mmoja siku hiyo. Mghanga alisema alipouona mwavuli umefunguka alipiga yowe mpaka walinzi wakaja.

Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba methali hii inakataza kuruka. Rukeni, dunia ni yenu. Lakini kabla hamjaruka, mtazameni anayewapigia makofi, mwone amesimama wapi. Akuhimizaye kuruka haanguki nawe.